Uzi: Kutembea kwa miguu hadi Namugongo – viatu, mzigo, chaji na mawasiliano

#1 – Mtembezi wa Busia

Wapendwa, salamu kwenu nyote.

Kila ikikaribia Mei, tunapojiandaa na hija ya Juni ya Mashahidi wa Uganda kule Namugongo, karibu na Kampala, maswali huwa yale yale: ninunue viatu gani, nibebe nini, laini yangu itashika nikivuka? Badala ya kumjibu mmoja mmoja naandika yote hapa, kwa wanaotokea upande wa Kenya. Wa njia ya Mutukula, mpakani mwa Tanzania na Uganda, na wa Congo waongezee, maana mnazijua barabara zenu kuliko mimi.

Ninachoamini nakisema mapema. Hujaji hashindwi na imani njiani. Anashindwa na miguu, au anashindwa na wasiwasi wa watu aliowaacha nyumbani. Miguu inaumizwa na uzito wa begi, na wasiwasi unaletwa na simu iliyozima bila taarifa. Ukiyapanga hayo mawili vizuri, mengine utayapata njiani.

Busia hadi Namugongo ni kama kilomita 190 kwa barabara kuu: Bugiri, Iganga, Jinja, msitu wa Mabira, Lugazi, Mukono, kisha unaiacha barabara kuu kabla hujaingia Kampala. Kundi la kawaida linakwenda kilomita 25 hadi 30 kwa siku. Wanaoanzia Bungoma, Kakamega au Eldoret wajipigie hesabu ya ziada. Ikumbukwe kwamba hii ndiyo barabara ya malori yanayotoka Mombasa kwenda Kampala, Kigali na Congo. Kwa hiyo kifaa cha kwanza kabisa ni kizibao cha riflekta, kile cha wanabodaboda. Uganda magari yanapita kushoto kama kwetu, basi nyinyi tembeeni kulia, mkiyatazama yanayowajia, mmoja nyuma ya mwingine. Alfajiri na jioni, wa mbele na wa mwisho wawe na tochi zinazowaka.

Viatu. Raba za kukimbilia, nyepesi, ulizokwisha kuzivaa mpaka zikakuzoea, na ziwe kubwa kwa saizi moja, kwa sababu mguu huvimba ukitembea kutwa. Viatu vizito vya mlimani sivipendekezi: njia ni lami na vumbi, na vikilowa mvua ya Mei havikauki usiku mmoja. Mitumba ya soko la Gikomba au Kibuye inafaa sana, ila ikague. Shika kiatu kwa mikono miwili, kunja soli mpaka ncha ikaribie kisigino, kisha tazama mstari wa gundi pembeni. Ukiona ufa mweupe unafunguka, au vipande vya gundi kavu vinadondoka kama unga, kirudishe. Kiatu kilichokaa miaka kabatini Ulaya kinaweza kuonekana kipya kabisa, halafu soli ikabanduka siku ya pili. Bonyeza pia sifongo ya kisigino kwa kidole gumba, isiporudi, imekufa.

Soksi ziwe jozi tatu, zenye mchanganyiko wa nailoni au sufi. Pamba tupu hushika jasho na kuchuna ngozi. Jioni ukifika vua raba, vaa sandali au slipasi, mguu upumue.

Mzigo. Kundi lenye gari la kusindikiza, mgongoni usizidishe kilo tatu. Kundi lisilo na gari, kilo sita, maji yakiwemo. Upime kweli, kwenye mizani ya posho mill au ya duka la mahindi. Nguo za kubadilisha seti mbili, shuka moja, koti la mvua, kofia, kikombe, tochi ya kichwani, dawa zako, rozari, kitambulisho. Mablanketi mazito, vitabu, sufuria na viatu vya misa ya mwisho vipande kwenye gari au vibaki. Watu wanaoishi kando ya njia na parokia tunazolala ni wakarimu mno, na chakula kipo kila mji.

Chaji. Hapa watu wanadanganywa na namba. Pawabenki iliyoandikwa mAh 10,000 haikupi 10,000. Namba ile imepimwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, simu inapokea kwa volti 5, na nyingine inapotea njiani kama joto. Kinachofika kwenye simu ni kama 6,000 hivi. Simu ya kisasa yenye betri ya 5,000 utaijaza mara moja na kidogo. Kwa mtu mmoja hiyo inatosha kabisa, ina uzito wa gramu 200 na kitu. Ile ya 20,000 ina uzito wa karibu maradufu, kwa hiyo watu watatu wachangie moja na wapokezane kuibeba. Zile za bei ya kutupa zilizoandikwa 50,000 na zinatosha mfuko wa shati, tafadhali achaneni nazo.

Kila anayeweza abebe pia kabambe, simu ya vitufe. Inakaa siku nne au tano bila chaji, inashika mtandao pale simu kubwa inapohangaika, na ikianguka kwenye matope unaipangusa tu. Laini yako ya nyumbani iweke humo. Simu kubwa ibaki kwenye hali ya ndege unapotembea, iwashwe kwa picha, ramani na WhatsApp ya jioni.

Mtandao. Pale Busia simu hurukaruka kati ya minara ya nchi mbili, na kila inapotafuta inakula chaji. Ingia kwenye mipangilio, zima uchaguzi wa mtandao wa kujiendesha, chagua mwenyewe. Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zina makubaliano ya eneo la mtandao mmoja yaliyoanza kazi miaka ya 2014 na 2015, kwa hiyo kupokea simu kwa laini ya Kenya ukiwa Uganda hakukuumizi. Intaneti ni habari nyingine, uliza bei yake kabla hujavuka. Kundi la watu kumi likiwa na laini moja ya Uganda yenye bando linatosha, wengine mnawashiwa hotspoti jioni. Laini inasajiliwa, na mgeni aende na pasipoti. Sisi Wakenya tunavuka mpaka kwa kitambulisho cha taifa, lakini mtakaowapa kazi ya kununua laini wabebe pasipoti.

Jambo moja linalowashtua wengi: Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu. Kama familia yako inategemea picha zako za Facebook, hamisheni mawasiliano WhatsApp mapema, kabla hujaondoka.

Na la muhimu kuliko vifaa vyote: kubalianeni saa. Mfano, saa moja jioni kila siku, ujumbe mmoja: “Tumefika Iganga, wote wazima.” Unatumwa na mtu mmoja kwa niaba ya wote, kwenda kwa mtu mmoja parokiani, naye anausambaza kwa familia. Hapo hakuna mama atakayekesha kwa sababu simu ya mwanawe imezima.

---

#2 – Mhaya wa Kanyigo

Mkuu umetutendea haki. Naongezea ya upande wetu wa Kagera.

Sisi tunapanda kutoka Bukoba hadi Mutukula, kama kilomita 80, halafu Kyotera, Masaka, Lukaya, Kayabwe pale kwenye mstari wa ikweta, Mpigi, ndipo Kampala. Jumla ni kilomita 300 na ushee. Ni ndefu kuliko ya Busia na ina kipande cha Lwera, bondeni, ambako hakuna mti wa kujibanza na jua linakupiga kutoka juu na kutoka kwenye lami. Pale kofia pana ni lazima na maji lita mbili kila mtu. Msisahau pia kwamba Mei ni mvua. Mei 2023 maji yalikata barabara kwenye daraja la Katonga, magari yakazungushwa mbali. Kiongozi wa kundi awe na mtu wa kumpigia Masaka au Lukaya kabla hamjaondoka asubuhi.

Watanzania wenzangu: kitambulisho cha taifa cha NIDA peke yake hakikuvushi. Chukua pasipoti, au hati ya dharura ya kusafiria kutoka Uhamiaji, na uiombe mapema, siyo siku mbili kabla. Na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, hiyo wanaiangalia.

Kwa mvua mimi koti la nailoni nimeliacha. Mtu anatokwa jasho ndani, analowa vilevile. Natumia lile poncho linalofunika mimi na begi, linapepea, hewa inaingia. Usiku nalitandika chini ya mkeka.

---

#3 – Binti Nyakato

Shikamooni wakubwa.

Mwaka huu ndiyo mara yangu ya kwanza, tunaondoka na vijana wa parokia, hatuna gari. Maswali yangu: kuna zile sola ndogo za kufunga nyuma ya begi, zinafaa? Na saa ya mkononi ya kuhesabu hatua, nichukue? Pia, naomba dada yeyote aliyekwenda aniambie mambo ya wanawake yanakuwaje njiani. Mama yangu amekubali kwa shingo upande na anataka nimpigie kila baada ya saa mbili.

---

#4 – Mtembezi wa Busia

Marahaba binti, karibu sana.

Sola ya begi iache. Mei mawingu ni mengi, nawe unatembea, kwa hiyo kioo hakilitazami jua sawasawa hata dakika kumi. Simu itaonyesha alama ya chaji, jioni unakuta imepanda asilimia chache. Uzito wake ungekuwa wa pawabenki, na pawabenki ni hakika. Sola ina maana kwenye gari la kusindikiza tu, likisimama kutwa. Saa ya hatua ni ya hiari. Kama nayo inataka chaji kila usiku, iache.

Kuhusu mama: kila saa mbili haitawezekana. Ukikosa mara moja tu atapata presha bure. Keti naye kabla hujaondoka, mpe nyakati mbili, asubuhi mkianza na jioni mkifika, na umwachie namba tatu: ya kiongozi, ya mtu wa parokia, na ya rafiki unayetembea naye. Mwambie wazi kwamba ukipita wakati wa jioni kimya, ampigie kiongozi, na kiongozi lazima apokee. Mama atalala.

---

#5 – Sista wa Zamu

Mimi ni muuguzi, nimesindikiza makundi ya dayosisi yetu kwenye gari la huduma ya kwanza. Nazungumzia miguu, kwa sababu ndiyo inayotujazia gari.

Lengelenge halianzi kama lengelenge. Linaanza kama joto, sehemu moja inachoma kidogo, mara nyingi nyuma ya kisigino au chini ya kidole gumba. Wengi wanasema “nitavumilia mpaka kituo”. Usivumilie. Kaa chini hapo hapo, vua, kausha, bandika plasta pana ya kitambaa. Kata pembe zake ziwe duara kwanza, kwa sababu pembe kali ndiyo inayonaswa na soksi ikakunjuka. Ibandike ngozi ikiwa imenyooka, isiwe na mkunjo hata mmoja. Dakika tano hizo zinaokoa siku tatu.

Likishajaa maji na linauma, usilichane na usiivue ile ngozi ya juu. Nawa mikono, safisha kwa spiriti, choma sindano safi pembeni kabisa, chini, maji yatoke yenyewe, kisha funika. Ile ngozi ndiyo bandeji bora uliyo nayo. Ukiona wekundu unapanda mguuni, usaha, au homa, hujaji apande gari aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mwenye kisukari asijitibu kabisa, aje kwetu hata kwa mchubuko mdogo, na kabla ya safari amwone daktari wake.

Asubuhi paka mafuta ya mgando kati ya vidole na kisigino kabla ya soksi. Mchana badilisha soksi, zilizolowa zifunge nje ya begi zikauke. Kata kucha wiki moja kabla.

Maji: dawa ya kutibu maji ni ndogo kuliko kidole na haina uzito, beba. Mtu akiharisha au akitapika, ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Ukikosa, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi kwa lita hiyo. Na tafadhali punguzeni zile dawa kali za maumivu mnazomeza asubuhi ili “mguu usisikie”. Ukizimeza huku umeishiwa maji mwilini, figo ndizo zinazoumia. Malaria Uganda ni nyingi, basi chandarua kimoja cha watu wawili kina nafasi kwenye begi kuliko jozi ya tatu ya suruali.

Binti Nyakato, mambo ya wanawake: pedi zako beba kutoka nyumbani zile ulizozizoea, pamoja na bahasha za kuhifadhia pedi zilizotumika, maana choo cha karibu kinaweza kuwa mbali. Kanga mbili. Kanga ni shuka, ni taulo, ni pazia la kubadilishia nguo na ni mbeleko ya begi. Usiende chooni peke yako usiku, muwe wawili na tochi.

---

#6 – Mzee Katekista

Wanangu, nimesoma yote kwa furaha. Ila naomba niseme langu. Tulipokuwa tunatembea zamani hapakuwa na simu, tulifika, tulirudi. Leo naona kijana anatembea huku anajirekodi, rozari iko shingoni tu. Mashahidi wale walitembezwa kutoka Munyonyo hadi Namugongo wakiwa wamefungwa, Mei 1886, wengine wakauawa njiani kabla ya kufika, na Kizito alikuwa mtoto wa miaka kama 14. Sisi tunakwenda kukanyaga njia ile. Je, hatuwezi kukaa kimya siku chache? Kwangu mimi simu zibaki nyumbani, kiongozi awe na moja.

---

#7 – Dada wa Kwaya

Shikamoo mzee. Nakuheshimu na nakuelewa, hata mimi sipendi ile ya kujirekodi. Lakini kuziacha zote nyumbani siafiki. Mimi niliwahi kubaki nyuma ya kundi pale msituni Mabira, jioni, mvua inanyesha, mguu umenikataa, na waliokuwa mbele hawakujua. Nilimpigia kiongozi, baada ya muda wakarudi vijana wawili kunichukua. Kwa mwanamke aliye peke yake kando ya barabara ile, ile simu haikuwa anasa.

Sisi tulikuja kupatana hivi, na limetusaidia: simu kubwa zote zinakusanywa asubuhi baada ya sala, zimezimwa, zinabebwa na wawili kwa zamu. Kila kikosi cha watu watano kinabaki na kabambe moja imewashwa. Jioni baada ya chakula zinagawiwa kwa saa moja. Kimya kinapatikana, rozari inasaliwa, na hakuna anayepotea. Pia kila mtu ana namba ya kiongozi na ya gari imeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ndani ya nailoni, mfukoni. Simu ikizima, namba iliyo ndani yake huwezi kuisoma.

---

#8 – Mzee Katekista

Binti, hilo la kukusanya nimelipenda. Nitalipeleka kwenye kamati yetu ya parokia.

---

#9 – Wa Jinja Njeru

Jamani karibuni Uganda. Kiswahili changu si kama chenu lakini mtanielewa.

Chaji: kila kituo cha biashara kuna kibanda au saluni wanachaji simu kwa pesa kidogo. Soketi zetu ni zile zile za pini tatu kama Kenya na Tanzania, chaja yenu inaingia moja kwa moja. Lakini simu kubwa usiiache hapo ukaenda kulala. Acha pawabenki, andika jina lako juu yake kwa marka, na ukae karibu.

Pesa: usitembee na noti nyingi. Mawakala wa pesa za simu wako kila kona, mtu wa Kenya anaweza kukutumia kutoka M-Pesa ikaingia kwenye MTN ya Uganda. Sasa angalieni: mtu akiwapigia akisema amekosea kutuma pesa na anataka mumrudishie, msirudishe kabla hamjaangalia salio lenyewe. Wakati wa mahujaji matapeli hao huwa wengi. Mpakani badilisheni kiasi kidogo tu, na mwombe noti ndogo ndogo.

Mkifika kwetu mtavuka Nile. Daraja jipya, lile la nyaya lililofunguliwa 2018, msisimame katikati kupiga picha, walinzi wapo na huwa wanakataza. Mbele ya hapo ni mashamba ya miwa, halafu Mabira. Najjembe na Namawojjolo mtakuta kuku wa kuchoma na gonja, yaani ndizi za kuchoma, wauzaji watawakimbilia, kuleni mpate nguvu.

Tarehe 3 Juni yenyewe, sikukuu ya Mashahidi: msitegemee intaneti. Watu ni wengi mno mahali pamoja, minara inalemewa, WhatsApp inazunguka tu. Ujumbe mfupi wa kawaida, ule wa SMS, unapita hata wakati sauti na data vimekataa, ila unaweza kuchelewa. Picha mtatuma usiku mkishatoka. Milangoni kuna ukaguzi mkali na foleni, kwa hiyo kabegi kadogo ndiko kanakopita haraka. Mizigo iacheni mnapolala.

---

#10 – Mwanglikana wa Maseno

Naongezea hapo kwa Wa Jinja. Ni vyema wageni wajue Namugongo kuna mahali pawili pa ibada siku hiyo hiyo: pa Wakatoliki penye basilika na ziwa, na petu Waanglikana pale Nakiyanja. Wakatoliki wanawaadhimisha mashahidi 22 waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964, nasi tunawakumbuka 23 wa kwetu waliouawa katika miaka ile ile ya mateso chini ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Makundi mengi ya Magharibi mwa Kenya yanatembea pamoja yakachanganyika madhehebu, kisha mwishoni yanagawanyika. Hapo ndipo watu wanapotezana kwa siku nzima.

Kwa hiyo: chagueni mahali pa kukutania baada ya ibada, na saa, mkiwa bado Mukono na mtandao upo. Msiseme “kwenye basilika”. Kila mtu anasema basilika. Pale chini ya nguzo zake 22 utasukumwa na umati, hutamwona hata ndugu yako aliye hatua kumi. Chagueni kituo cha mafuta au shule iliyo kando ya barabara, nje kabisa ya umati, upande wa Kyaliwajjala. Viongozi wapite hapo siku moja kabla waone. Na vitambaa vya rangi moja shingoni vinasaidia kuliko simu yoyote.

---

#11 – Mwana Butembo

Bandugu, sisi ba Congo tunapitia Kasindi, tunaingia Mpondwe, halafu Kasese, Fort Portal, Mityana. Ni mbali sana, wengi wanatembea kipande halafu wanapanda gari.

Nawakumbusha neno moja tu. Saa yetu ya Butembo na Beni iko nyuma ya Uganda kwa saa moja. Ukiambia familia “nitapiga saa moja ya jioni” bila kusema ni saa ya wapi, wanakaa wanangoja, roho inawauma. Simu kubwa inajibadilisha yenyewe ikivuka, ile ya vitufe mara nyingi haijibadilishi. Ibadilishe kwa mkono pale mpakani. Ba Rwanda na Burundi vilevile, sisi sote saa yetu ni ile ile moja.

---

#12 – Mtembezi wa Busia

Mwana Butembo asante sana, hilo halikuwa limenijia kabisa, naliingiza kwenye karatasi ya kundi letu.

Nimepata maswali mawili ya pembeni, nayajibu hapa.

Ramani: pakueni ramani ya Uganda ya nje ya mtandao mkiwa bado nyumbani kwenye waifai, Google Maps au Organic Maps zote zinakubali. Barabara kuu huwezi kuipotea, lakini usiku unapotafuta parokia ya kulala ndani ya mji, itakusaidia. Kiongozi aweke alama kwenye kila kituo cha kulala na kila zahanati, kisha awatumie wote kabla ya kuvuka. GPS ya simu haihitaji bando.

Maji na udongo wa Namugongo: wengi mnapenda kuvirudisha nyumbani kwa wazee na wagonjwa. Bebeni kidumu cha lita moja chenye kifuniko cha kukaza, na chupa ya mdomo mpana kwa udongo. Uganda watawafungia kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, na mifuko hiyo ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019. Msivuke nayo.

Kuhusu kurudi, nauli ya basi iwekwe kando tangu siku ya kwanza, isiguswe, na kiti kilipiwe mkiwa Mukono. Jioni ya tarehe 3 mabasi ya kuelekea Busia hujaa mapema na bei hupanda. Mwenye pawabenki aijaze usiku wa tarehe 2, kwa sababu tarehe 3 hakuna atakayepata pa kuchomeka.

Binti Nyakato, nitumie kwa faragha jina la parokia yenu na tarehe ya kuondoka. Kama mnapita Mutukula, Mhaya wa Kanyigo hapo juu atakuunganisha na kundi lenye gari.

---

#13 – Mhaya wa Kanyigo

Nipo. Binti, andika namba ya kiongozi wenu tu, ya kwako usiiweke hadharani. Gari letu lina nafasi ya mabegi, na Sista wa Zamu akituandikia orodha ya dawa za sanduku nitainunua Bukoba wiki hii.